Hita ya Mama Nur

Duka lile siku hizi linauza viatu. Mwenye duka ni mtu wa Oyugis, ana maneno mengi, na ukipita mlangoni anakushika mkono kama ndugu yako aliyepotea vitani. Mimi nikipita hapo sioni viatu. Naona magodoro yamepandana mpaka karibu na mabati, shuka zinaning'inia, na kule nyuma, sebuleni, taa ya tangi la samaki.

Hapo alikaa Kultum, mama yake Mohamednur. Homa Bay nzima ilimwita Mama Nur. Tuliishi ukuta kwa ukuta miaka saba, na jiko langu la kukaangia mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, lilikaa kwenye veranda yake, maana kwangu veranda haikuwepo. Kwa hiyo ninayoyasema hapa sikusimuliwa.

Kwao ni Isiolo, Mborana. Mumewe, marehemu Abdurahman, alianza kuuza magodoro Migori, akahamia hapa kwetu, na mwaka wa tisini na moja akaugua siku tatu, ya nne tukamzika. Ndugu zake Mama Nur walikuja na lori zima kumhamisha. Akawapikia, wakala, wakalala, asubuhi akawaambia, "Bado." Lori likarudi tupu. Mwaka uliofuata wakaandika barua. Akajibu bado. Na baada ya hapo kila mwaka ikawa hivyo.

"Bado nini, Mama Nur?" nilimuuliza siku moja. Mimi si mtu wa kuzungusha maneno.

"Mwanangu ana namba ya simu ya hapa. Ya Isiolo hana."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yote. Mohamednur, mtoto wake wa pekee, alikuwa Saudia, mji wa Jeddah, akitengeneza malori. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa kumi na moja jioni, simu nyeusi iliyokuwa juu ya kaunta ililia. Mama Nur alikuwa ameshakaa kando yake tangu saa tisa. Wateja wa magodoro siku hiyo walijihudumia wenyewe, na waliokosa subira walikwenda zao.

Sasa elewa jambo moja. Waislamu mjini hawakukosekana. Kulikuwa na Wasomali, watu wa Pwani, Wanubi. Aliswali nao, akaenda kwao kwenye arusi na matanga. Lakini Mborana alikuwa yeye peke yake, angalau nijuavyo mimi. Kijaluo cha sokoni alikijua. Kwa kubishana alinishinda mimi niliyezaliwa nacho. Kiswahili alikijua. Ila lugha ya mama yake alikuwa na pa kuisemea mara moja kwa mwezi, dakika saba, nane, kwenye simu. Mimi niko verandani na sufuria yangu, namsikia. "Nagaa, nagaa," anaanza hivyo, na sauti yenyewe inabadilika, inakuwa ya msichana. Nagaa ni amani. Ndiyo salamu yao. Neno la pili nililojifunza ni lile la samaki, maana Mohamednur akishamaliza salamu alianza na samaki.

Na siku zile nyingine zote za mwezi, Mama Nur alizungumza na samaki.

Usicheke. Mimi nilishacheka kwa niaba yetu sote.

Samaki wenyewe walitoka Nairobi. Kabla ya Saudia, Mohamednur alikuwa dereva wa familia moja ya wageni huko, na walipofunga mizigo kurudi kwao wakampa tangi la kioo na vyote vilivyomo. Akaja nalo nyuma ya pikapu, limefungwa katikati ya magodoro mawili, na samaki wakiwa kwenye mtungi wa maji. Tisa. Wadogo kama kidole cha shahada, wekundu kama pilipili iliyoiva, na madume yao mkia umechomoka chini kama sindano ya kushonea magunia. Ziwa liko pale, ukirusha jiwe unasikia linavyotumbukia, na huyu mtu anatuletea samaki kutoka Nairobi!

"Mama Nur, hawa mtawala lini?"

"Hawaliwi."

"Sasa kazi yao ni gani?"

"Kuogelea."

"Hata wa ziwani wanaogelea, na bado tunawala."

"Wewe Mama Lynnet, roho yako imejaa mafuta ya kukaangia."

Kabla ya kuondoka, Mohamednur aliandika maagizo kwenye karatasi ya daftari akayabandika ukutani. Mama Nur alisoma msahafu wake vizuri, lakini herufi hizi zetu hakuzijua, kwa hiyo niliitwa mimi, mimi niliyeishia darasa la saba na nikashika namba tatu. Nikamsomea. Chakula ni ubano mmoja asubuhi, mmoja jioni. Maji yabadilishwe kidogo kidogo, yasimwagwe yote. Hita isizimwe. Na mstari wa mwisho: Maji yakipata moto sana, zima hita, poza polepole. Niliusoma kwa kinywa changu mwenyewe. Kumbuka hilo, maana mimi sikukumbuka.

Hita ilikuwa kijichupa kirefu cha kioo kilichozamishwa kwenye kona ya tangi, ndani yake waya umejiviringa, na juu taa nyekundu ndogo kama jicho la panzi. Maji yakipoa, taa inawaka, yanapashwa. Yakishapata joto lake, taa inazima yenyewe. Na kwenye kioo palibandikwa kipimo cha joto chenye alama ya kijani. Mstari usipande juu ya kijani.

"Ziwa letu halina hita," nikamwambia, "na samaki hawajawahi kupiga ripoti kwa chifu."

"Hawa wamezoea nchi ya joto."

"Na hapa ni wapi? Limuru?"

"Usiku kunapoa. Nur amesema isizimwe." Basi, kesi imekwisha.

Wale tisa wa kwanza walikufa kwa uzee, mmoja baada ya mwingine. Lakini samaki wale hawatagi, wanazaa kama mbuzi, na tangi halikukaa tupu. Mama Nur akawa akiwatenga wachanga kwenye bakuli wasiliwe na mama zao. Kwa Mohamednur hakusema kwamba wale wake walikwisha. Alipoulizwa, "Samaki wazima?" alijibu wazima, na huo haukuwa uongo. Akamweleza nani amezaa, nani mkorofi, nani anajificha nyuma ya jiwe. Dakika tatu nzima za samaki. Mimi nikamwambia, "Wajukuu wako wana magamba." Akacheka, lakini si sana. Mohamednur alikuwa na miaka thelathini na miwili na habari za kuoa hakuwa nazo.

Mwaka wa tisini na saba, mwezi wa saba, hita ikafa. Asubuhi kulikuwa na ule ubaridi wa Julai unaotoka ziwani, na taa ilikataa kuwaka. Nilipoingia kuchukua kiberiti nilikuta tangi limevishwa shuka nyekundu ya kimaasai, mbili, moja juu ya nyingine.

"Eh! Umeajiri mlinzi?"

"Wamelala chini wote, Mama Lynnet. Hawaji kula."

Sauti haikuwa ya mzaha. Nikafunga mdomo wangu, jambo ambalo si la kila siku, nikaenda kumwita Walter.

Walter alikuwa fundi wa redio pale karibu na posta, mtu mpole, anaongea huku ameuma bisibisi. Akaichukua hita kwake, kesho yake akairudisha inawaka.

"Kile kidude cha kuizima kimeungua," akasema. "Nimekiruka. Nimeunga waya moja kwa moja, kama nilivyofanya pasi ya mwalimu Susana."

"Kwa hiyo haitazima yenyewe?" Mama Nur akauliza.

"Mama, hapa Homa Bay kuna kitu gani cha stima hakizimi chenyewe?"

Tukacheka. Akamwelekeza: jioni uiwashe ukutani, alfajiri ukiamka kuswali uizime. Na Mama Nur akafanya hivyo wiki mbili bila kukosea, maana kuamka alfajiri hakukuwa kazi kwake. Mstari haukupita kijani hata siku moja. Samaki wakawa kumi na mmoja.

Halafu ikaja Jumatano moja ambayo Ijumaa yake ndiyo Ijumaa ya simu.

Jumanne jioni Mama Nur aliwasha hita kama kawaida. Saa mbili stima ikapotea mji mzima. Alfajiri ilikuwa bado haijarudi. Akaswali gizani na taa ya mafuta, akajifunga, akatoka mapema kwenda Oyugis kwenye msiba wa mke wa mfanyabiashara mwenzake. Taa ya hita haikuwaka, na mtu haendi kuzima kitu ambacho kimezima. Swichi ikabaki chini, imewashwa. Ufunguo akaniachia mimi kama siku zote, kwa ajili ya ubano wa jioni.

Saa nne asubuhi stima ikarudi. Nilisikia redio za majirani zikipiga kelele pamoja, nikafurahi na wengine.

Kisha nikashuka ufuoni, nikashinda huko. Gugu maji lilikuwa limeziba ghuba yote, kijani tupu, ungedhani unaweza kutembea juu yake mpaka ng'ambo, na mitumbwi ilishindwa kutoka. Lori la kiwanda lilikuja kuchukua mbuta likakuta mbuta saba. Dereva alikuwa na barafu inayeyuka bila kazi, akanigawia nusu gunia. Nikarudi mjini saa kumi na samaki wawili na barafu nyingi kuliko samaki. Laiti ziwa siku ile lingekuwa wazi. Ningerudi na samaki, barafu ningeikosa.

Nikafungua mlango wa Mama Nur kuwapa wale wekundu chakula chao. Joto la sebule lilinipiga usoni. Juu ni mabati, jua la mchana kutwa, madirisha yamefungwa. Kioo cha tangi kilikuwa na jasho. Jicho lile jekundu linawaka. Samaki wote wako juu, midomo nje, wanameza hewa, na wawili wameshalala ubavu. Mstari wa kipimo ulikuwa umepita kijani ukaishiwa na pa kwenda. Nikatia mkono: maji ya kumwogesha mzazi.

Nikazima swichi. Hilo nilifanya vizuri. Lingine lote nililifanya kwa mkono wangu, na mkono wangu una akili yake. Miaka ishirini nimeuza samaki. Miaka ishirini ninajua jambo moja juu ya samaki na joto: akiingia joto, mtie barafu. Usisubiri, usitafakari, dakika moja ni hasara. Nikaburuta gunia kutoka verandani, nikamimina. Nikamimina tena. Barafu ikajaa juu ya tangi kama mawe ya mtoni. Hita ikapasuka mle ndani, pa! Nikaruka nyuma. Nilipochungulia, samaki walikuwa wameacha kuhema juu juu. Walikuwa wakishuka taratibu, wote pamoja.

"Ero, ndiyo hivyo," nikasema kwa sauti, peke yangu. "Wametulia."

Nikaketi kwenye kiti chake nikajipepea. Nilijiona mtu wa maana sana.

Mama Nur aliingia karibu saa kumi na mbili, na kifurushi cha halua kutoka msibani. Nikaanza kumsimulia kabla hajavua viatu, jinsi nilivyoingia, jinsi nilivyoona, jinsi nilivyookoa. Aliweka kifurushi mezani. Alienda mpaka kwenye tangi, akakunja mkono wa buibui, akaanza kutoa barafu, kipande kimoja kimoja, anaweka sakafuni. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema.

"Samaki akipata joto, Mama Nur, dawa yake ni barafu, hata mtoto wa ufuoni..."

"Samaki wako wamekufa, Mama Lynnet," akasema. Hakupaza sauti. "Wale unaowatia barafu. Barafu ni ya wafu."

Akatoa kipande cha mwisho cha barafu, akageuka.

"Lete agulu yako."

Agulu ni mtungi wetu wa udongo wa kupozea maji ya kunywa. Wangu ulikaa pembeni juu ya mchanga mbichi, maji yake ni baridi ya kiungwana, si ya kuuma meno. Nikakimbia nao kifuani. Akaniamuru nimwage yote nibakize robo. Akachota maji ya tangi yenyewe kwa kikombe, akachanganya, akatia mkono, akasubiri, akachanganya tena. Polepole. Ukutani mbele yangu ile karatasi ya Mohamednur ilikuwa imeandikwa neno hilo hilo, na nilikuwa na muda wa kutosha wa kulisoma.

Watatu walikuwa bado wanapumua. Akawahamisha kwa kiganja. Wanane tukawatoa na chujio la chai.

"Niwatupe?" nikauliza, na nikajua nimekosea nilipokuwa bado ninauliza.

Akawafunga kwenye kipande cha shuka, akawafukia nyuma ya nyumba chini ya mpapai.

Asubuhi ya Alhamisi alikuwa amebaki mmoja, dume la siku nyingi, mkia wake ule wa sindano umekatika katikati.

Siku hiyo nzima tulikuwa watu wa ajabu. Yeye anapanga magodoro ambayo yamepangwa. Mimi nakaanga mbuta wangu wawili, nawaunguza. Walter akapita kusikia habari, akachukua hita iliyopasuka, akaigeuzageuza.

"Mimi niliiunga vizuri," akasema. "Hii ni stima. Stima ikirudi hurudi na hasira."

"Nenda Walter," nikamwambia. "Leo usiniambie kitu."

Jioni nikashindwa kuvumilia. Nikaingia nikasimama mbele ya kaunta kama mteja.

"Kesho akikuuliza, mwambie wazima."

"Wazima wangapi?"

"Si lazima useme wangapi. Mwaka juzi hukusema wale wa kwanza wamekufa."

"Wale walikufa wakaacha watoto. Aliniuliza samaki wazima, na samaki walikuwepo."

"Hata sasa yupo."

Akaniangalia. "Mwanangu yuko mbali miaka minne, Mama Lynnet. Anachokijua cha nyumba hii ni hao. Nikimdanganya hilo, tutakuwa tunazungumza habari ya nyumba gani?"

"Na ukimwambia ukweli, utazungumza naye nini mwezi ujao?"

Nilisema hivyo. Ulimi wangu huwa unatangulia. Mama Nur hakukasirika. Alipangusa kaunta mahali palipokuwa safi. Ndipo nikajua kwamba swali lile yeye alikuwa ameshajiuliza tangu jana, alipokuwa anatoa barafu.

Ijumaa, saa kumi na moja kasoro, nilitoa makaa jikoni ili mafuta yasimpigie kelele. Nilikaa verandani mikono mapajani. Simu ikalia saa yake.

Nagaa, nagaa. Sauti ile ya msichana. Kisha akasikiliza, Mohamednur anauliza kule. Kisha nikasikia neno la samaki, na Mama Nur akaanza kusema. Alisema mfululizo, hakupumzika. Nilisikia "Oyugis". Nilisikia "Walter". Nilisikia "barafu", maana neno hilo alilisema kwa Kiswahili, na nikangoja jina langu. Jina langu halikuja. Mpaka leo sijui alimwambia nani aliyemimina.

Akasikiliza. Akasema maneno mawili, matatu. Kisha nikasikia mkono wa simu ukirudishwa mahali pake.

Nilitazama sufuria yangu. Mafuta yalikuwa bado hayajapoa, na simu imekwisha.

Nikaingia. Alikuwa amekaa vile vile, mkono juu ya simu.

"Amesema nini?"

"Amesema nisijisumbue. Samaki tu. Amesema huyo aliyebaki nimtie ziwani, tangi nimpe mtu."

"Halafu?"

"Halafu akasema kuna watu wamepanga foleni nyuma yake wanangoja simu."

Akanyoosha waya wa simu kwa kidole, ule uliojiviringa.

"Kila mwezi huwa wamepanga foleni nyuma yake, Mama Lynnet. Nawasikia wakigomba. Hakuwahi kuwataja."

Nikavuta kiti nikaketi kando yake.

Samaki hakumtia ziwani. Alibaki kwenye agulu yangu, pale pale sebuleni, kando ya tangi tupu. Tatizo la agulu ni kwamba si kioo. Ukitaka kumwona aliyemo lazima uiname uchungulie kwenye mdomo wake. Nikawa nikipita asubuhi namkuta Mama Nur ameinama hivyo, mikono magotini, anasema na mtungi kwa lugha yake, na mtungi unamrudishia sauti yake mwenyewe kidogo. Alikuwa akidhani ni mimi pekee ninayejua. Nadhani ni kweli, na sikumwambia mtu, mimi ambaye huniambii siri Jumatatu ikafika Jumanne.

Nilianza kumwuliza. Kila jioni nikizima jiko: "Mama Nur, samaki wako vipi?" Akasema anakula, au hali. Siku nyingine alinieleza kidogo: amezunguka kushoto kutwa, mkia haukui tena. Lakini mimi na yeye tulijua kwamba ninauliza kwa Kiswahili.

Simu ya Septemba ilikuwa ya salamu tupu. Ya Oktoba haikuja. Mvua ile kubwa ilikuwa imeanza, tukasema ni waya zimelala. Ya Novemba ilikuja Jumapili badala ya Ijumaa, wala hakuwa amejiandaa, alikuwa na sabuni mikononi. Mohamednur alisema anahamia mji mwingine na akipata namba ataituma. Hakuuliza samaki, na Mama Nur hakumtaja.

Kesho yake akaniita na karatasi.

"Niandikie barua kwa kaka yangu."

Nikaketi, nikapima kalamu. "Nianze na salamu?"

"Andika: Sasa."

"Sasa nini?"

"Atajua."

Lori likaja Januari, lile lile au ndugu yake. Walipakia magodoro, kitanda, kabati, cherehani. Mimi nilipewa tangi. Agulu ilikuwa yangu tangu mwanzo, na ndani yake alikuwamo mwenye mkia uliokatika.

"Nur alisema ziwani," nikamkumbusha.

"Ziwani kuna mbuta. Atakuwa kifungua kinywa. Kaa naye wewe." Kisha akanishika mashavu kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka saba. "Usimtie barafu."

"Mama Nur!"

Tukacheka mpaka ndugu yake akapiga honi. Nikasimama barabarani na aproni yangu yenye mafuta. Lori lilipokata kona ya kwenda Rangwe nikarudi ndani.

Siwezi kusema nilimkosea. Kule aliko anaongea lugha yake kutoka asubuhi mpaka usiku, hata na punda. Pengine barafu yangu ndiyo iliyomrudisha kwao, na pengine huo ni wema. Lakini wema wenyewe uliniachia ukuta ambao hakuna mtu nyuma yake. Lynnet wangu ameolewa Kisegi, baba yake alishatangulia zamani, na kwangu tulikuwa mimi na redio, na sasa huyu mwekundu. Tangi nimelitia omena kavu, dagaa wetu wa ziwani. Panya hawalifikii.

Ijumaa ya kwanza ya Februari nilikuwa nageuza mbuta verandani, maana jiko sikulihamisha, duka lilikuwa bado halijapata mtu. Saa kumi na moja simu ikalia.

Ilikuwa mle ndani, juu ya kaunta tupu. Hawakuwa wamekuja kuikata. Mlango una kufuli la mwenye nyumba, na ufunguo sikuwa nao tena. Nikaenda nikabandika sikio kwenye mbao. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Duka likiwa tupu simu hulia kwa sauti kubwa sana. Nikapiga mlango kwa kiganja, upumbavu tu, kana kwamba atasikia kule Saudia kwamba kuna mtu. "Nur!" nikaita. "Amekwenda Isiolo, wewe mtoto!"

Ikanyamaza.

Jioni ile ile nikaandika barua kwenda Isiolo: Nur amepiga hapa, mtafute, mpe namba. Nikaifunga. Kisha nikaenda kwenye agulu nikainama, mikono magotini. Kwa ndani ni giza, huoni kitu mpaka macho yazoee. Nikamsalimu kwa Kijaluo. Kimya. Nikamsalimu kwa Kiswahili. Alikuwa chini kabisa, hakujisumbua.

"Nagaa," nikasema.

Akaja juu.